Mtoto wa Miaka Mitatu Hahitaji Daftari

Wadogo zangu, leo nataka tuzungumze kuhusu watoto wetu wa miaka miwili, mitatu na minne, wale tunaowaacha asubuhi kwenye vituo vya kulelea watoto mchana tukikimbilia kazini na sokoni. Maswali yenu juu yao ni mengi, na karibu yote yanarudi palepale. Mama analipa ada kwa kujibana. Kila jioni mtoto anarudi na mchanga kwenye nywele na rangi kwenye kola. Akimwuliza, "Leo mmesoma nini?" anajibiwa, "Tumecheza." Mtoto wa jirani, umri uleule, yuko kituo kingine, ana daftari lenye vema nyekundu na anataja herufi kwa Kiingereza mbele ya wageni. Basi mama halali usiku. Hela yangu inaliwa bure? Nimhamishe?

Usimhamishe, mdogo wangu. Kama kuna wa kuhamishwa hapo, ni huyo mwenye daftari.

Najua hofu iliyo nyuma ya swali lako. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe aachwe nyuma, na baadhi ya shule za kulipia siku hizi zinawafanyia usaili watoto ambao bado wanakojoa kitandani. Ukishaona hivyo unadhani njia ya kumwokoa mtoto ni kumtia penseli mkononi mapema kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana nataka tuanze na mkono wenyewe.

Kwenye kifundo cha mkono wa mtu mzima kuna mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, yote minane bado ni gegedu laini. Inakomaa kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo huendelea mpaka mtoto anapokaribia miaka 12. Sasa mchukue wa miaka mitatu, mkalishe kwenye kiti, mpe penseli nyembamba afuate nukta za herufi "a" ukurasa mzima. Ataishika kwa ngumi. Atakandamiza mpaka karatasi itoboke. Baada ya mistari miwili mkono unauma, anaanza kujinyonganyonga, anaambiwa ni mtundu, pengine anachapwa. Kitu cha kwanza alichojifunza juu ya kuandika ni kwamba kuandika kunaumiza.

Unataka mtoto aje kuwa na mwandiko mzuri? Mpe donge la unga uliokandwa alifinyange. Mpe kitambaa cha kufutia meza akikamue mwenyewe. Abane vibanio vya nguo kwenye kamba. Akusaidie kuchambua maharage. Achane magazeti ya zamani vipande vipande. Achore kwa kijiti mchangani, michoro mikubwa ya kuzungusha bega zima. Vidole vinavyofanya kazi hizo kwa miaka miwili vitaishika penseli darasa la awali bila kubembelezwa. Kituo chenye akili kinajua hivyo, na ndiyo maana mwanao anarudi na mchanga kwenye nywele.

Sasa njoo nikuonyeshe mchezo mmoja kwa karibu, maana tukisema "wanacheza" wengi tunapita haraka. Chukua mchezo wa beseni la maji. Kwenye kituo kizuri utalikuta limewekwa chini ya mwembe au kwenye baraza yenye kivuli, na mlezi yuko hapohapo. Ndani yake kuna vikombe viwili vya plastiki, kimoja kirefu chembamba, kingine kifupi kipana. Kuna chupa iliyotobolewa matundu, kifuu cha nazi, jiwe, kipande cha sponji. Binti wa miaka mitatu anajaza kile kikombe kirefu mpaka juu, anamimina maji yake kwenye kifupi, halafu anakiinamia kukichungulia. Maji hayakumwagika. Anarudisha. Anamimina tena. Atarudia mara nyingi kuliko wewe unavyoweza kuvumilia kutazama, na kila mara uso wake ni wa mtu anayepeleleza jambo zito.

Mlezi aliyefundwa hamkatizi. Anachuchumaa, macho yake yakiwa usawa wa macho ya mtoto, anasubiri, kisha anauliza, "Yale maji yameenda wapi?" Mtoto anaonyesha kwa kidole. "Na unadhani kipi kinabeba mengi?" Mtoto anagusa kile kirefu. Mlezi hamwambii "umekosa." Anamwambia, "Hebu tuone," na wanamimina tena pamoja. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba watoto wa umri huu wakiona maji yamehamishiwa kwenye chombo kirefu husema yameongezeka, hata kama wameona kwa macho yao hakuna tone lililoongezwa. Kwamba maji ni yaleyale, humfundishi mtoto kwa kumwambia. Analifikia mwenyewe, taratibu, baada ya miaka ya kumimina.

Pembeni ya yule binti kuna mvulana wa miaka minne. Ameweka jiwe, limezama. Ameweka kifuu, kinaelea. Sasa anatia kokoto ndani ya kifuu moja moja, anahesabu kwa sauti, anaruka nne, anaendelea, mpaka kifuu kinapinduka na kuzama, naye anapiga kelele ya furaha mpaka wenzake wanakuja mbio. Papo hapo ugomvi: watoto watatu, kifuu kimoja. Hapo mlezi mzembe angekinyang'anya kifuu na kuwafukuza wote. Huyu wa kwetu anasema, "Naona wote mnakitaka. Tufanyeje?" Halafu anakaa kimya. Kimya hicho ni kigumu kwa sisi watu wazima, lakini humo ndimo mtoto anapojifunza kusema "naomba na mimi," kungoja zamu, na kuvumilia kukosa kwa muda.

Hesabu yenyewe uliyokuwa ukiitafuta kwenye daftari imo humo: ujazo, uzito, kuhesabu, kulinganisha. Na maneno! Kujaa, kupungua, kufurika, kuchuruzika, kuzama, kuelea, kulowa, kukauka. Mtoto anayeliona neno likitokea mbele yake huku mtu mzima akilitamka hatalisahau. Anayekariri "one, two, three, four" ukutani anaweza kufika ishirini na bado ukimwambia "niletee vikombe vitatu" akakuletea vyote.

Hapo kwenye maneno nitulie kidogo, kwa sababu najua wengi mnachagua kituo kwa kigezo cha Kiingereza tu. Mtoto anajifunza kufikiri kwa lugha anayoipata kwa wingi na kwa upendo. Kama nyumbani kwenu ni Kiswahili, au Kisukuma, au Kigiriama, mjaze kwa lugha hiyo mpaka afurike: hadithi, vitendawili, majina ya ndege na mboga, mabishano ya kitoto. Lugha ya pili itakuja na itapata pa kukaa. Mlezi ambaye Kiingereza chake ni cha "sit down" na "keep quiet" anamnyima mtoto mazungumzo siku nzima, na mazungumzo ndiyo chakula cha ubongo wa umri huu.

Kuna mwingine ananiuliza: "Dada, wangu ana miaka miwili, nimechungulia nikamkuta anacheza peke yake, wenzake wako karibu lakini hawachezi pamoja. Ana tatizo?" Hapana, mama. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani aitwaye Mildred Parten alichapisha alichokiona kwa watoto wa chekechea: mchezo wa pamoja unakua hatua kwa hatua. Kuna kucheza peke yake, kuna kucheza sambamba, yaani wawili wamekaa bega kwa bega kila mmoja na gari lake, kuna kuazimana vitu bila mpango, na mwisho ndipo wanapogawana kazi na kutunga sheria za mchezo. Wa miaka miwili kucheza sambamba ni mahali pake hasa. Jambo la kukupeleka kwa daktari au kliniki ni lingine: mtoto asiyekutazama usoni, asiyegeuka akiitwa, asiyeonyesha kitu kwa kidole, au aliyekuwa na maneno akayapoteza. Hilo usilisubirie.

Na mchezo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kujipikilisha, baba na mama na watoto, wa kwetu wa asili kabisa. Kopo ni sufuria, majani ni mchicha, mchanga ni ugali, na yule mdogo kuliko wote analazimishwa kuwa mtoto mchanga. Tazama kinachoendelea humo. Mwambie mtoto wa miaka minne "tulia," hatulii dakika moja. Mpe nafasi ya mgonjwa kwenye mchezo wa hospitali, atalala kimya muda mrefu akisubiri sindano, kwa sababu mgonjwa halisi hufanya hivyo. Mchezo unamfundisha kujizuia zaidi kuliko fimbo. Unamfundisha kupanga, kukumbuka nani ni nani, na kuingia kwenye moyo wa mtu mwingine. Humo pia ndimo anapotoa yaliyomkaa rohoni. Mtoto anayemfokea mwanasesere wake kwa maneno makali kila siku anakusimulia jambo. Sikiliza.

Msiniambie huu ni uzungu. Ni kweli kwamba Mjerumani Friedrich Fröbel ndiye aliyefungua nyumba ya michezo ya watoto huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na baadaye kuiita Kindergarten, na kwamba Mwitaliano Maria Montessori alianza kazi ya namna hiyo na watoto wa mtaa wa maskini wa Roma mwaka 1907. Lakini sisi tuna mfano wetu hapa pwani. Miaka ya 1980 kule Mombasa, viongozi wa jamii ya Kiislamu walisikitika watoto wao wanachelewa kuanza shule na wakianza wanabaki nyuma. Kwa msaada wa Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, mwalimu Bi Swafiya Said akaongoza kazi ya kuanzisha shule za awali zilizounganishwa na madrasa. Hawakuagiza midoli kutoka ng'ambo. Walimu walikuwa akina mama wa mitaa ileile, wakafunzwa, na vifaa vikatengenezwa kwa vilivyopo: vifuu, makopo, vitambaa, mbegu, ukindu. Mtoto akawa anapata dini yake, lugha yake na mchezo wake chini ya paa moja. Kazi hiyo ikavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Zanzibar hiyohiyo baadaye ikawa na masomo ya redio yaliyoitwa Tucheze Tujifunze, na jina linajieleza.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi na mlezi inaorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humohumo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Imewekwa pamoja na ugali, wadogo zangu. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, nayo imejengwa juu ya mambo matano yanayokwenda pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hilo la mwitikio ndilo tunalolisahau. Maana yake mtoto akitoa ishara, akilia, akionyesha kitu, akitabasamu, kuna mtu mzima anayeijibu. Mtoto anaweza kushiba, akaoga, akalala kwenye godoro safi, na bado akanyauka kwa kukosa mtu wa kumjibu.

Haya, sasa tuje kwenye kuchagua, maana kuna vituo vinasema "sisi tunafundisha kwa michezo" na ukiingia unakuta watoto arobaini wamepangwa mbele ya televisheni. Huo si mchezo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo uleule unataka wa miaka mitatu na minne wapate angalau saa tatu za kujishughulisha kwa mwili kila siku, kukimbia, kupanda, kuruka, na walale saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana. Basi uliza kituo: wanalala wapi, saa ngapi, na uwanja uko wapi.

Usiende siku ya kukaribishwa wageni. Nenda siku ya kawaida, kama saa nne asubuhi, bila taarifa. Kabla hujatazama kuta zilizochorwa, sikiliza. Kituo chenye uhai kina mlio wa watoto wanaoongea, wanaocheka, wanaobishana. Kimya kirefu cha watoto wa miaka mitatu kiogope. Kelele za mtu mzima mmoja juu ya sauti zote, nazo ziogope. Halafu tafuta mtoto anayelia, hakosekani, uone nani anamwendea na baada ya muda gani. Hiyo peke yake itakuambia zaidi ya bango la getini.

Tazama walezi wanakaa wapi. Anayekaa kiti kirefu na simu mkononi hajui kinachoendelea chini. Hesabu watoto kwa kila mtu mzima. Mlezi mmoja hawezi kulea watoto thelathini wa miaka miwili, awe na moyo wa malaika. Atawafunga kwenye viti ili wasimpotee, na huo ndio mwisho wa kujifunza. Uliza wamefanya kazi hapo muda gani. Mahali ambapo walezi wanaondoka kila baada ya miezi michache, mtoto anaanza upya kumzoea mtu kila mara.

Tazama vifaa, wala visikutishe vikiwa vya kuokoteza. Rundo la mchanga safi uliofunikwa usiku ili paka wasichafue. Matairi, mbao za kupangapanga, makopo yasiyo na makali, kanga kuukuu za kujifunga. Visoda na shanga ni vizuri kwa kuhesabu, ila viwe kwa wakubwa waliokwisha kuacha kutia kila kitu mdomoni. Karanga nzima wasipewe wadogo, zinakaba. Na maji, narudia, maji: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache tu. Ndoo zifunikwe, kisima kizibwe, na lile beseni nililolisifu hapo juu likikosa mtu mzima pembeni limwagwe. Jiko liwe na mlango. Geti lifungwe. Gari la kuwabeba lisijaze watoto kama mizigo, na bodaboda asipewe watoto wanne.

Ingia chooni mwenyewe. Uliza nani anawapeleka, nani anawabadilisha, na kama mlango hubaki wazi. Uliza nani wengine wanaishi au kuingia kwenye eneo hilo. Maswali haya yanawaudhi baadhi ya wenye vituo. Yaulize hivyohivyo, kwa adabu, na umtazame anayekujibu. Mfundishe mwanao majina halisi ya viungo vya mwili wake na kwamba hakuna siri kati ya mtu mzima na mtoto ambayo mama hatakiwi kuijua. Ukiona mtoto aliyekuwa mchangamfu ameanza kuogopa mtu fulani, kujikojolea upya, au kukataa kuvuliwa nguo, mwamini kwanza. Tanzania na Kenya namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na haitozwi.

Usajili usiuonee aibu kuuliza. Kwa Tanzania kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii, na afisa wa halmashauri yako anaweza kukuambia kama kinajulikana. Na fimbo haina nafasi kabisa. Sheria ileile ya 2009 haikubali adhabu kwa mtoto ambaye kwa umri wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini, na wa miaka mitatu hawezi.

Nimeulizwa pia kuhusu mahafali ya chekechea, yale ya majoho na kofia, watoto wakikariri risala ya Kiingereza juani huku wazazi wakichangishwa. Mimi siyapendi. Fedha hiyo ingenunua lori la mchanga na bembea mbili, na mtoto asingepoteza mwezi mzima wa mazoezi ya kusimama wima. Wakitaka sherehe, wazazi waalikwe asubuhi moja wacheze na watoto wao.

Kwa wewe unayeanza kumpeleka wiki hii: kilio cha asubuhi kinakata ini, nakijua. Usitoroke akiwa amegeuka. Ukimtoroka leo, kesho hatakubali hata kukuachia kidole, maana ameona kwamba ukigeuka tu mama anapotea. Muage waziwazi, mfupi: "Mama anakwenda kazini, ukishakula uji, ukacheza, ukalala, nitakuja." Kisha uende. Kama kituo kinakubali, siku za mwanzo kaa naye kidogo, muda ukipungua kila siku. Mwachie kipande cha kanga yako, ile uliyoivaa, harufu yako imo. Na ukisema utarudi akiamka, rudi akiamka. Watoto wengi hutulia baada ya wiki mbili tatu. Asiyetulia baada ya muda mrefu, anayezidi kukonda na kulia hata Jumapili jioni, huyo usimlazimishe kabla hujajua kuna nini.

Jioni usimwulize "umesoma nini." Mwulize, "Leo ulicheza na nani? Mlijenga nini? Nani alilia?" Utapata habari zote. Halafu mpe robo saa yako, simu ikiwa mbali. Baba naye yumo. Baba anayemfanya mtoto apande mgongoni, wakakimbizana uani, wakajificha nyuma ya pazia, anafanya kazi ya malezi sawasawa na anayelipa ada.

Na wewe usiye na ada, uliyemwacha mtoto kwa bibi au kwa dada wa kazi, usijione umemnyima. Kijiko, sufuria, maganda ya mahindi, sanduku la karatasi, vyote vipo kwako. Cha kununua ni kidogo sana. Cha kuhakikisha ni kwamba huyo anayebaki naye anaongea naye, hamfungi ndani na televisheni, na yeye mwenyewe anaheshimiwa. Msichana wa kazi asiyelala, asiyelipwa kwa wakati, anayetukanwa mbele ya mtoto, hana furaha ya kumchezesha. Mpumzishe, mlipe, mwonyeshe michezo unayotaka wacheze, mshukuru.

Wakati wa herufi utafika. Tanzania kuna darasa la awali kwa mtoto wa miaka mitano kabla ya darasa la kwanza, Kenya kuna PP1 na PP2 kwa wa miaka minne na mitano, na hata humo mitaala inataka mtoto ajifunze kwa kucheza. Hakuna gari linalomwacha mtoto wa miaka mitatu.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza kama umhamishe, fanya hivi. Kesho asubuhi usimwachie getini. Ingia ndani, vua viatu, omba ukae mkekani na watoto robo saa, uone kama kuna mtu anayechuchumaa na kumsikiliza mwanao. Akiwepo, endelea kulipa ada hiyo kwa moyo mweupe na umsalimie mlezi huyo kwa jina. Wakikukatalia kuingia, mshike mwanao mkono muondoke.